Kwa Nini Tulinunua Nyumba Kuukuu Kibaha Badala ya Kujenga

Katika nchi yetu mtu anayekaribia kustaafu haulizwi atanunua nyumba wapi. Huulizwa amejenga wapi. Mimi na mume wangu tulifika ukingoni mwa utumishi, yeye fundi sanifu wa maji na mimi mwalimu wa sekondari, tukiwa bado wapangaji Tabata, kwa kuwa mishahara yetu ilikuwa imekwenda kwenye ada za watoto na matibabu ya wazazi wa pande zote mbili. Sijutii hata shilingi moja ya fedha hizo. Lakini ilibidi tukae chini tujiulize kiinua mgongo kingetosha nini, na kingetosha wapi.

Nilistaafu baada ya Julai 2024, wakati kikokotoo, yaani kiwango cha mafao anachopewa mstaafu kwa mkupuo, kilipokuwa kimepandishwa kutoka asilimia 33 hadi asilimia 40 kwa sisi ambao zamani, kabla mifuko ya pensheni haijaunganishwa mwaka 2018 kuwa PSSSF, mfuko wa watumishi wa umma, tulikuwa tukitarajia kupokea nusu ya mafao yetu kwa mkupuo. Tofauti kati ya nusu na asilimia 40 huonekana ndogo kwenye karatasi, ila kwa mtu aliyepanga maisha yake kwa hesabu ya zamani ni tofauti ya paa zima na madirisha yake. Sehemu inayobaki hulipwa kila mwezi kama pensheni, na hiyo ndiyo inayonunua dawa na unga. Kwa hiyo tulikuwa na fungu moja tu la kufanyia jambo kubwa, na fungu hilo halitapatikana tena.

Ushauri uliotujia kutoka kila upande ulikuwa mmoja: nunueni kiwanja Chanika au Mlandizi, mjenge taratibu. Nimewaona walimu wenzangu waliofuata njia hiyo. Mstaafu wa miaka 60 anasimamia fundi juani, anahesabu mifuko ya saruji jioni na kuikuta imepungua asubuhi, anaendelea kulipa kodi ya nyumba anayoishi huku ile anayoijenga ikisimama kwenye linta kwa sababu fedha imekwisha. Mapagala mengi yanayoota nyasi pembezoni mwa Dar es Salaam ni mafao ya watu. Kujenga taratibu ni mpango mzuri kwa mtu mwenye miaka 35 na mshahara unaoingia; kwa mtu ambaye mshahara wake umekoma, taratibu maana yake ni kuhamia nyumba isiyo na dari wala choo cha ndani, na kuzeekea humo. Tukaamua kutafuta nyumba iliyokwisha simama, hata kama ni kuukuu, ilimradi tuingie na kulala.

Swali la mtaa lilitangulia swali la nyumba. Wazo la kurudi kwao mume wangu, Mbinga, tulilizungumza kwa heshima na kuliweka kando, kwa sababu ana kisukari na shinikizo la damu, na watoto wetu wako Dar es Salaam. Kigamboni kulitupendeza kwa upepo wake, na tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016 mtu halazimiki kusubiri kivuko cha Magogoni, ila magari hulipia darajani, na nyumba tulizooneshwa zilitegemea visima vya maji ya chumvi. Mzee, ndivyo ninavyomwita mume wangu, aliyaonja, akatema, akasema hatatumia uzeeni maji ambayo kazini asingemruhusu mtu yeyote kuyanywa. Goba ni pazuri kwa macho, lakini ni milima na makorongo. Mvua kubwa hula barabara za mitaani, na magoti yangu hayapandi tena vilima vile kwa miguu. Kimara bei zilikuwa juu, na kila nyumba iliyokuwa karibu na Barabara ya Morogoro ilitukumbusha mwaka 2017, nyumba nyingi zilipobomolewa kati ya Kimara na Kiluvya kupisha upanuzi wa barabara. Tangu hapo mtu mwenye busara hukagua ukuta kuona kama una alama ya X ya kubomolewa iliyopakwa rangi juu yake kabla hajauliza bei.

Kibaha ilishinda kwa mambo ambayo kijana hawezi kuyaona kuwa ya maana. Iko takriban kilomita 40 kutoka katikati ya Dar es Salaam, mbali kiasi cha kushusha bei, karibu kiasi cha wajukuu kuja Jumamosi na kurudi Jumapili. Hospitali ya Tumbi, ambayo ni ya rufaa ya mkoa wa Pwani, iko hapo hapo mjini, na Mloganzila, ambako mume wangu anahudhuria kliniki, iko njiani upande wa Kibamba. Jambo la tatu aliliona Mzee peke yake: bomba kuu la maji kutoka mtambo wa Ruvu Juu, kule Mlandizi, hupita Kibaha kwanza ndipo liende Kibamba na Kimara. Alisema mtu akae karibu na mtambo, asikae mwisho wa bomba, kwa sababu maji yakipungua wa mwisho ndiye anayekauka. Alikuwa hatosheki na neno la mwenye nyumba. Kila tulipokwenda alifungua koki ya uani, akaweka ndoo ya lita 20 chini yake na kutazama saa yake, asubuhi na tena jioni watu wanapopika, na pale ambapo ndoo ilijaa kwa kusuasua hatukuingia hata ndani.

Hata ndani ya Kibaha mitaa haifanani. Tulijiwekea sharti kwamba mtu aweze kutembea hadi kituo cha daladala bila kupanda mlima, na asilazimike kupanda bodaboda usiku akiwa mgonjwa, maana mzee mwenye sukari iliyoshuka hawezi kushikilia bodaboda. Tulikwenda kwenye mitaa tuliyoipenda usiku wa Jumamosi na asubuhi ya Jumapili, saa ambazo dalali hapendi umtembelee, na huko tukagundua baa ambayo mchana ilionekana kama duka la kawaida. Mtaa mmoja ulikuwa chini, bondeni, na nyumba zake zilikuwa za bei rahisi kupita kiasi. Mama mmoja anayeuza maandazi alituambia bila kuulizwa kwamba masika maji hufika kwenye kizingiti cha mlango. Alama zake zilikuwa ukutani kweli, mstari wa udongo mwekundu uliofifia, ambao rangi mpya haikuufunika vizuri nyuma ya mlango wa jiko.

Rangi mpya, nimejifunza, ni jambo la kuogopa. Nyumba ya kwanza iliyotuvutia ilikuwa imepakwa rangi siku chache kabla, harufu bado ikiwa mbichi, na fundi tuliyeongozana naye alikataa kuzungumza bei kabla hajakwaruza kona ya chumba kwa ufunguo. Chini ya rangi plasta ilikuwa laini kama unga. Alieleza kwamba matofali yaliyofyatuliwa kwa mchanga wenye chumvi hunyonya unyevu daima, na nondo za ndani zikishika kutu huvimba na kupasua zege, ugonjwa ambao mtu haumalizi kwa plasta mpya. Nyumba ya pili ilikuwa imara lakini imeezekwa kwa vigae vya asbesto, kama majengo mengi ya miaka ya 1970. Vigae vile vikivunjwa vumbi lake huharibu mapafu, na kuviondoa kwa usalama na kwenda kuvitupa panapostahili ni gharama ambayo muuzaji hakutaka hata kuisikia. Nyumba ya tatu tuliipenda wote wawili, mpaka tulipozunguka nyuma ya migomba na kukuta makaburi mawili yaliyosakafiwa. Pwani si ajabu mtu kuzikwa kwake. Familia ilitaka haki ya kuja kuzuru na kusoma dua, jambo ambalo ni haki yao kabisa, nasi tukaona si vema kununua mahali ambapo wenye marehemu watakuwa wageni wetu milele.

Nyumba tuliyoinunua ilijengwa katikati ya miaka ya 1980 na mtumishi wa umma ambaye sasa ni marehemu. Ina vyumba vitatu, sebule, jiko dogo, na vyumba viwili vya uani vyenye choo chake. Haikuwa imepakwa rangi tangu siku nyingi, na hilo lilikuwa jema, kwani kila kasoro ilikuwa wazi. Kulikuwa na nyufa za aina mbili, na fundi alinionesha tofauti yake kwa kidole: zile nyembamba zilizotawanyika kwenye plasta kama ramani ni za kukauka tu, hazina neno, bali ufa unaoshuka kwa ngazi, ukifuata maungio ya tofali hadi tofali kutoka kona ya dirisha, huonesha kwamba msingi umetitia upande mmoja. Ufa wa namna hiyo ulikuwepo kwenye chumba cha nyuma. Alibandika juu yake kipande cha saruji kama kiganja, akaandika tarehe kwa msumari, akasema turudi mvua zikishanyesha. Dalali alinung'unika kwamba kuna wateja wengine. Tulirudi baada ya mvua za vuli tukakuta kipande kile kizima. Ufa ulikuwa wa zamani na nyumba ilikuwa imekwisha tulia. Hilo ndilo jambo ambalo nyumba mpya haiwezi kukupa, kwa sababu bado haijapita masika ya kutosha kuonesha tabia yake.

Juu ya dari tulimpandisha kijana mwenye tochi. Mbao za kenchi, zile zinazobeba paa, zilikuwa nzima isipokuwa mbili zilizokuwa upande wa bafu, ambazo mchwa ulizila ndani na kuacha ngozi tu. Fremu za milango tuligonga moja moja kwa kifundo cha kidole. Za mninga zilijibu kwa mlio mzito, na moja ya mbao laini ikatoa sauti ya kopo tupu. Nyaya za umeme zilikuwa za zamani, zimeungwa kwa tepu hapa na pale, na fundi umeme alisema zote zitoke, jambo tulilolitaja kwenye meza ya bei. Kisha kulikuwa na shimo la maji taka. Watu hununua nyumba bila kuuliza lilipo. Tuliliuliza, tukalifunua, tukakuta limejaa, lakini swali letu kubwa halikuwa hilo, kwani shimo lililojaa hunyonywa. Swali lilikuwa kama gari la kunyonya litafika. Tulipima njia kwa hatua kutoka barabara ya mtaa hadi getini, na ilikuwa na nafasi ya kupita lori. Njia inayopitisha gari la maji taka hupitisha pia gari la wagonjwa, na katika mitaa mingi iliyojengwa bila kupimwa hakuna hata moja kati ya hayo mawili linaloweza kuingia.

Sasa nije kwenye karatasi, ambako ndiko nyumba kuukuu huwazika watu. Nyumba nyingi za umri ule huuzwa na warithi, na mtu akikwambia "hii ni nyumba ya marehemu baba" inakupasa kujua unazungumza na nani. Kiwanja kilikuwa kimepimwa na kina hati ya miaka 99, hivyo wakili wetu alianza kwa kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kuona kama kuna rehani au zuio. Hapakuwa na rehani, ila jina lilikuwa bado la marehemu. Kijana mkubwa wa familia, mpole na mwenye maneno mazuri, alikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo uliomchagua kuwa msimamizi wa mirathi, na aliamini kwamba huo unatosha. Hautoshi. Kikao cha ukoo hupendekeza tu; anayemteua msimamizi ni mahakama, na mpaka iwe imemteua hana mamlaka ya kuuza hata mlango. Tulimwambia kwa upole kwamba hatuna haraka, afungue shauri la mirathi, tangazo likae kwa muda wake, na akishapata barua ya uteuzi tutakutana kwa wakili.

Wakati tukisubiri, niliomba tukamwone mjane, aliyekuwa akikaa Morogoro kwa binti yake. Mzee aliona ni safari ya ziada. Mimi sikutaka kuhamia kwenye nyumba ya mwanamke mwenzangu bila kusikia kauli yake mwenyewe, na kisheria pia nyumba ya ndoa haiuzwi kwa kumruka mwenza. Tulimkuta anachambua mchele ukumbini. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitikia, akatukaribisha, akaendelea kuchambua huku anatusikiliza. Alikubali nyumba iuzwe, lakini aliuliza jambo ambalo watoto wake hawakuwa wamelifikiria: "Hizo hela mtazitoa wapi, na zitaingia mkononi mwa nani?" Tukaafikiana kwamba malipo yafanyike benki, kwenye akaunti ya mirathi, na kwamba warithi wote pamoja naye watie saini kwenye mkataba kuwa wameridhia mauzo. Mtoto mmoja aliyekuwa Mwanza ndiye aliyechelewesha, kwa kuwa alikuwa na kinyongo cha zamani na kaka yake, na ilitubidi kungoja waelewane. Kama tungelipa kabla ya saini yake, kinyongo kile kingehamia kwetu.

Wauzaji walitaka milioni 58. Tulikubaliana milioni 49 baada ya kuwawekea mezani hesabu ya nyaya, kenchi na shimo. Kabla ya kutaja bei ya mwisho tuliandika nani atalipa nini, kwa sababu watu wengi hugombana hapo. Kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida, kisheria ni ya muuzaji, ingawa wauzaji wengi hujaribu kumwachia mnunuzi. Ushuru wa stempu, asilimia 1, ulikuwa wetu. Mtu mmoja alitudokeza kwamba ofisi ya mtaa hustahili asilimia 10 ya bei kwa kushuhudia mauziano. Wakili aliuliza kama kuna sheria inayosema hivyo na kama stakabadhi itatolewa, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilishangaa ni watu wangapi wasomi niliowasimulia habari hiyo walioniambia kwamba wao walilipa.

Kuna kipimo kingine kidogo ambacho sikukisikia kwa mtu. Tangu Julai 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, kwa hiyo mita ya nyumba iliyokaa bila mtu huwa na deni linalomngoja mnunuzi. Kabla ya kulipa tuliomba namba ya mita, tukanunua umeme wa shilingi 10,000 na kutazama ujumbe uliorudi: uniti zilikuwa chache kupita kiasi, nyingine yote ilikuwa imeliwa na deni. Tuliuhifadhi ujumbe ule na kuuonesha, na deni lililobaki likalipwa na wauzaji. Bili ya maji nayo tuliidai vivyo hivyo.

Matengenezo tuliyagawa kwa kuangalia yapi yangeweza kutuua na yapi yangetuudhi tu. Nyaya zote zilibadilishwa kabla hatujahamia, kenchi mbili zikatolewa na mbao zilizotiwa dawa zikawekwa, shimo likanyonywa na kuwekewa mfuniko wa zege. Choo cha ndani kilikuwa cha kuchuchumaa. Tukaweka cha kukaa na bomba la chuma ukutani la kujishikilia, na sakafu ya bafu tukaitia vigae vyenye mkwaruzo. Ngazi tatu za barazani ziligeuzwa kuwa mteremko, jambo ambalo majirani walilicheka mpaka mama mmoja wa jirani alipovunjika nyonga na kuanza kuletwa kwetu kwa kiti cha magurudumu kuja kupiga soga. Dari ya jipsamu yenye mataa ambayo binti yetu alitaka atuwekee hatukuikubali. Silingi bodi za zamani zipo, zina madoa, nazo hazimdhuru mtu. Simtanki la lita 2,000 tuliliweka chini, kwenye jukwaa fupi, ili mtu aweze kulifikia na kulisafisha bila kupanda.

Vyumba vya uani tulivikuta na mpangaji mmoja, muuguzi kijana, na tulimwomba asihame. Kodi yake huongezea pensheni, lakini faida kubwa ni kwamba kuna mtu mwenye nguvu na ujuzi kwenye kiwanja, na usiku ambao sukari ya Mzee ilishuka ni yeye aliyekuja na glukosi kabla sijamaliza kuita. Ningeshauri mstaafu yeyote atakayepata nyumba yenye vyumba vya uani asiharakishe kuvigeuza stoo.

Uhamisho wa milki ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoahidiwa, na siku fomu zilipoletwa kujazwa wakili alituuliza tunataka tuandikweje. Wanandoa wanaweza kumiliki kwa pamoja, ambapo mmoja akifariki milki hubaki kwa aliye hai, au kumiliki kwa hisa, ambapo sehemu ya marehemu huingia kwenye mirathi. Mume wangu ana watoto wawili wakubwa aliowapata kabla hajanioa, hivyo swali halikuwa jepesi, na hatukulijibu pale pale. Tuliwaita watoto wote chakula cha mchana barazani, wao wakiwa wanaona nyumba kwa mara ya kwanza, tukawaeleza kwamba tutamiliki kwa pamoja ili atakayebaki asiondolewe na mtu, na kwamba baada ya sisi wawili nyumba itagawanywa sawa kwa wote kama wosia utakavyosema. Mtoto mkubwa wa Mzee aliuliza wosia utahifadhiwa wapi. Tukamwambia kwa wakili, na nakala benki. Akaomba liandikwe pia kwamba mpangaji wa uani apewe notisi ya kutosha, likaandikwa.